Hesabu ya Kutoa na Kutoa Hesabu

Muhula uliopita, katika semina yetu ya uandishi wa insha, kijana mmoja mwepesi wa akili alisimama mbele ya wenzake akasoma maandishi yake juu ya maradhi ya korona na uchaguzi wa Marekani. Aliandika ubaoni idadi ya waliokufa. Chini yake akaandika kiwango cha watu waliochanjwa katika wilaya zilizopigia kura chama hiki na katika wilaya zilizopigia kura chama kile. Kisha akapiga mstari, akatoa, akapata jibu. Jibu lake lilikuwa kwamba chama ambacho wafuasi wake waliikataa chanjo kimejichimbia kaburi, na kwamba kila jeneza lililotoka katika nyumba zao ni kura moja iliyopungua katika sanduku lao. Darasa likacheka. Mimi mwalimu, naungama, nilitabasamu pamoja nao. Nikampa alama nzuri, nikaenda zangu nyumbani, na usiku ule usingizi ulinikataa.

Makala haya ni deni lililotokana na tabasamu lile. Ilinipasa nimjibu kijana palepale, nami sikumjibu. Namjibu sasa, wala simjibu yeye peke yake, kwa maana hoja ile hakuizua. Aliiokota kwa wakubwa zake: waandishi wa magazeti, wachambuzi wa siasa, na baadhi yetu sisi wenye shahada ndefu, ambao kwa miaka kadhaa tumekuwa tukisema maneno yale yale katika vyumba vya walimu bila ya kuona haya. Nadai kwamba hoja hiyo ina makosa matatu. Ni mbovu kwa hesabu, ni mbovu kwa mantiki, na ni mbovu kwa utu. Tena nadai kwamba kosa la tatu ndilo lililoyazaa yale mawili.

Kwanza nimpe mpinzani wangu haki yake, kwa sababu hoja isiyopewa haki haishindwi, hunyamazishwa tu. Yaliyomo katika hoja hii si porojo. Chanjo ya kwanza ya UVIKO-19 iliruhusiwa nchini Marekani tarehe 11 Desemba 2020, na siku tatu baadaye watu walianza kuchanjwa. Kufika Mei 2021 kila mtu mzima aliyeitaka aliweza kuipata. Walakini mwaka huo wa kinga ulikuwa na vifo vingi kuliko mwaka uliotangulia usiokuwa na kinga: mwaka 2020 walikufa watu zaidi ya 350,000, na mwaka 2021 wakafa zaidi ya 400,000. Mei 2022 Rais Joe Biden aliitangazia nchi yake kwamba hesabu imefika watu milioni moja.

Ni kweli pia kwamba wilaya zilizompa Donald Trump kura nyingi mwaka 2020 ndizo, kwa jumla, zilizochanja watu wachache. Mwaka 2023 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Yale walichapisha uchunguzi wa vifo 538,159 vya watu wa miaka 25 na zaidi katika majimbo mawili, Florida na Ohio, wakavilinganisha na madaftari ya wapiga kura. Waliona kwamba kabla chanjo haijaenea, vifo vilivyozidi kawaida havikutofautiana sana baina ya wafuasi wa chama cha Republican na wafuasi wa chama cha Democratic. Baada ya chanjo kuenea, kiwango cha vifo hivyo kwa wafuasi wa Republican kilikuwa juu ya kile cha wenzao kwa asilimia 43. Hiyo ni kazi ya watu makini, nami siipingi. Ninachokipinga ni mahali ambapo watu wengine wameipeleka.

Sasa na tuifanye hesabu yenyewe, kwa kuwa wenye hoja hujigamba kwamba wao ni watu wa hesabu. Marekani ina watu wasiopungua milioni 330. Milioni moja ikifa, ni watu watatu katika kila watu elfu. Tuchukue mji wa watu 10,000. Katika mji huo wamekufa watu 30. Tuwe wakarimu, tuseme kwamba 20 kati yao wangekwenda kupiga kura. Tuwe wakarimu zaidi, tuseme kwamba 12 walikuwa wa chama kimoja na wanane wa chama cha pili. Tofauti ni kura nne. Mji mzima umeomboleza, misiba 30 imekaliwa matanga, mayatima wamebaki, na mwanahesabu wetu anatoka makaburini na kura nne mkononi, akisema kwamba amegundua siri ya uchaguzi.

Fauka ya hayo, wakazi wa mji hawasimami mahali pamoja wakimngojea awahesabu. Hata kabla ya korona Wamarekani zaidi ya milioni 2.8 walikuwa wakifa kila mwaka, na vijana wapatao milioni nne hutimiza miaka 18 kila mwaka na kupata haki ya kupiga kura. Watu huhama kutoka jimbo hadi jimbo. Wengine hubadili nia, na wengine huchoka wakabaki nyumbani. Wala maiti wale hawakutoka katika nyumba moja. Katika mwaka wa kwanza, kabla ya chanjo, maradhi yaliwapiga kwa nguvu zaidi Wamarekani weusi, watu wenye asili ya Amerika ya Kusini na ya Kati, na wenyeji wa asili kama Wanavajo wa Arizona na majirani zao, ambao wengi wao hupigia kura chama cha Democratic. Kwa hiyo anayetoa upande mmoja hana budi kutoa na upande wa pili, na akimaliza ataona kwamba mkononi mwake kumebaki kidogo sana.

Nakubali jambo moja. Novemba 2022 uchaguzi wa mwanasheria mkuu wa jimbo la Arizona uliamuliwa, baada ya kura kuhesabiwa upya, kwa tofauti ya kura 280 katika kura zipatazo milioni mbili na nusu. Katika jimbo hilo walikuwa wamekufa kwa korona zaidi ya watu 30,000. Sina shaka kwamba mtu akizitafuta kura 280 katika makaburi 30,000 atazipata. Lakini akizitafuta katika foleni iliyokuwa ndefu kupita kiasi atazipata pia. Akizitafuta katika barua zilizochelewa, katika familia zilizohamia kutoka jimbo la jirani, au katika wazee waliokosa gari la kuwapeleka kituoni, atazipata vilevile. Palipo na tofauti ndogo kama hiyo kila sababu hutosha, na sababu inayotosha sawasawa na sababu nyingine zote haijathibitisha kitu.

Lakini shahidi mkubwa dhidi ya hoja hii ni majimbo yale yale mawili yaliyochunguzwa. Ikiwa vifo vya wafuasi vinakiangusha chama, basi ilikuwa lazima kianguke Florida na Ohio, maana huko ndiko vifo vya wafuasi wake vilikopimwa. Kilichotokea ni kinyume. Florida ilipoteza zaidi ya watu 80,000. Gavana wake, Ron DeSantis, alikuwa ameshinda mwaka 2018 kwa kura 32,463 tu. Alipinga kuwalazimisha watu kuchanjwa, na Novemba 2021 akatia sahihi sheria ya kuwabana waajiri waliotaka kuwalazimisha wafanyakazi wao. Mwaka 2022 alirudi kwa wapiga kura akashinda kwa tofauti ya kura zaidi ya milioni moja na nusu.

Huko Ohio gavana alikuwa Mike DeWine, wa chama kile kile cha Republican. Yeye aliwahi kufunga shughuli mapema mwaka 2020, na Mei 2021 aliihimiza chanjo kwa njia ya ajabu: aliweka bahati nasibu kwa watu waliochanjwa, na mara tano akachaguliwa mtu mmoja wa kupewa dola milioni moja. Sisi wa lugha tunafahamu kwamba neno kura, tulilolipokea kutoka Kiarabu, lilikuwa na maana hiyo hasa, yaani kupiga bahati ili kujua fungu litamwangukia nani. DeWine alipiga kura ya maana ya kale ili aokoe watu, kisha mwaka 2022 akapigiwa kura ya maana ya sasa, naye akashinda kwa tofauti ya kura zaidi ya milioni moja. Magavana wawili, chama kimoja, mwaka mmoja, na siasa mbili za chanjo zilizopingana. Wote wawili wakashinda kwa kishindo. Aniambie mwenye hesabu ya kutoa: alitoa nini kutoka wapi?

Ikiwa hayo hayatoshi, yako ya mwaka 2024. Mwaka 2020 Biden alipata ushindi wake kwa kushinda kwa kura chache mno katika majimbo matatu: 10,457 Arizona, 11,779 Georgia, na 20,682 Wisconsin. Kwa hesabu ya kijana wetu, miaka minne ya makaburi ilipaswa kuzipanua tofauti hizo. Novemba 2024 Trump aliyashinda majimbo yote matatu. Arizona kwa kura zaidi ya 180,000, Georgia kwa zaidi ya 110,000, na Wisconsin kwa zaidi ya 29,000. Chama kilichosemwa kwamba kimejizika kikaamka kikachukua urais.

Hilo ndilo kosa la hesabu. Kosa la pili ni la mantiki, nalo ni kukitwaa kivuli na kukifanya mwili. Wachambuzi huchora kiwango cha chanjo upande mmoja na kura upande mwingine, wakaona vinaandamana, wakasema hiki kinakivuta kile. Lakini vitu viwili vikiandamana, yamkini vyote viwili vinamfuata wa tatu. Hapa wa tatu ni imani: mtu anamwamini nani, anasikiliza sauti ya nani, na anataka aonekane mwenzao akina nani. Mtu hakuwa wa chama fulani kwa sababu hakuchanjwa. Alikuwa wa chama hicho kwanza, kisha chanjo ikafanywa bendera, naye akaambiwa kwamba anayeikubali amevuka mpaka.

Ajabu ni kwamba chanjo hizo zilitengenezwa kwa haraka chini ya serikali ya Trump mwenyewe, na yeye alichanjwa faraghani Januari 2021 kabla ya kutoka Ikulu. Agosti mwaka huo, katika mkutano wa hadhara huko Cullman, Alabama, aliwashauri wafuasi wake wachanjwe, nao wakamzomea. Mtu aliyekuwa na uwezo wa kuwaambia watu hawa karibu kila neno wakaliamini, alipowaambia neno la kuwaokoa walilikataa. Bendera ikishatwekwa haimjui tena aliyeishona.

Kwa hiyo wachambuzi wetu wameugeuza mshale kichwa chini. Wameuliza kiwango cha chanjo kitafanya nini kwa uchaguzi, na ilikuwa heri waulize uchaguzi utafanya nini kwa kiwango cha chanjo. Jibu la swali hilo la pili halihitaji kukisia. Baada ya uchaguzi wa 2024, Februari 2025, Seneti ilimthibitisha kwa kura 52 dhidi ya 48 Robert F. Kennedy Jr. kuwa waziri wa afya, mtu ambaye kwa miaka mingi alikuwa amejulikana kwa kutia shaka juu ya chanjo. Juni 2025 aliwaondoa wajumbe wote 17 wa kamati ya wataalamu iliyokuwa ikiishauri serikali juu ya chanjo zipi zitolewe na kwa nani. Hiyo ndiyo njia ambayo chanjo na uchaguzi hukutana: haipiti makaburini, hupita katika ofisi.

Wala sisemi kwamba korona haikuugusa uchaguzi. Iliugusa sana, lakini iliugusa kwa mikono ya walio hai. Mwaka 2020 watu waliogopa kusimama katika foleni, na takriban asilimia 43 ya wapiga kura walipiga kwa njia ya posta. Kura za posta huchelewa kuhesabiwa, na kuchelewa huzaa shaka. Shaka ikapaliliwa na rais aliyekuwa akishindwa, na tarehe 6 Januari 2021 umati ukaingia kwa nguvu katika jengo la Bunge. Katika mlolongo huo wote hakuna mahali ambapo maiti alitolewa katika jumla. Mna hofu, mna sheria za kupiga kura, mna maneno yaliyosemwa na watu wenye majina.

Hata shukrani ya walio hai haidumu. New Zealand ilipofanya uchaguzi tarehe 17 Oktoba 2020 ilikuwa imepoteza watu 25 tu kwa korona. Chama cha Labour cha Jacinda Ardern kilipewa nusu ya kura zote, na kikapata wingi wa viti peke yake, jambo ambalo hakuna chama kilichowahi kulipata tangu nchi hiyo ilipobadili mfumo wake wa uchaguzi mwaka 1996. Oktoba 2023 chama hicho hicho kilipata chini ya asilimia 27. Waliookolewa walikuwa hai, na walio hai hulipa kodi ya nyumba na hununua chakula. Basi wakapiga kura kwa hasira ya bei za siku hizo, si kwa kumbukumbu ya kifo kilichowapita mbali. Ikiwa walionusurika hawapigi kura kwa ajili ya kunusurika kwao, kwa nini tudhani kwamba waliokufa watapiga kwa ajili ya kufa kwao?

Sasa nafika kwenye kosa la tatu, ambalo nimesema kwamba ndilo mzazi. Wahenga walisema kifo cha wengi ni harusi. Nadhani hawakusema hivyo kwa kusifu. Walikuwa wakituonya kwamba msiba ukizidi kipimo moyo hupoteza njia, na watu hujikuta wakicheza mahali palipotakiwa kulia. Harusi hiyo tuliiona. Kila mara ilipotangazwa kwamba mtu fulani aliyepinga chanjo amekufa kwa korona, walikuwako waliocheka waziwazi na kuandika kwamba amejitakia. Walikuwako waliofanya vifo hivyo mchezo wa kushangilia. Waliofanya hivyo walijiita wapenzi wa sayansi. Sayansi ya chanjo iliundwa ili jirani yangu asife hata kama ni mjinga, hata kama ni mbishi, hata kama ananichukia. Anayeitumia sayansi hiyo kumchekea jirani aliyekufa ameisaliti zaidi kuliko yule aliyeikataa.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu mwenzangu, aliposikia maneno haya alinijibu kwamba mimi ni mtu wa mashairi, na kwamba sayansi haina machozi. Nilimwambia sitaki iwe na machozi, nataka iwe na macho. Aliyekwisha kuamua kwamba maiti wa upande ule ni kura za upande ule, haoni tena mambo ambayo mtu mwenye huruma huyaona kwa urahisi. Haoni mama wa Ohio asiyekuwa na daktari wa kudumu, ambaye habari zake zote huzipata kutoka katika redio moja. Haoni mzee aliyekuwa tayari kuchanjwa lakini akaona haya mbele ya wanawe. Haoni kwamba katika kila nyumba ya wilaya nyekundu mlikuwamo waliochanjwa na wasiochanjwa, na kwamba walikula sahani moja. Chuki ndogo ya kichama ilimfunga macho, na kwa kufungwa macho akakosea hata kutoa. Ndiyo maana nasema kosa la utu liliyazaa makosa ya hesabu na mantiki.

Mwanafunzi mmoja wa kike, siku ile ya semina, aliuliza swali ambalo darasa zima halikulijali: haya ya Marekani yatuhusu nini sisi tunaokaa Tanzania? Nilimpita haraka, na leo namwomba radhi. Yatuhusu kwa sababu sisi tulikuwa na kosa lililo kinyume cha lile la Wamarekani, na mtu huliona vizuri kosa lake akiliweka karibu na la mwenziwe.

Hapa kwetu hesabu rasmi ilisimama Mei 2020 ikiwa na wagonjwa 509 na vifo 21. Zaidi ya mwaka mmoja haikuongezwa. Katika kipindi hicho, tarehe 28 Oktoba 2020, tulifanya uchaguzi mkuu, na mshindi akatangazwa kwa asilimia 84 ya kura. Sitaki kubashiri kwamba idadi ya vifo ingaliongeza au kupunguza hata kura moja. Nikifanya hivyo nitakuwa nimerudi katika ubao wa kijana wetu. Nasema jambo jingine: kwamba mpigakura wa Tanzania, awe wa chama chochote, aliingia kituoni bila ya kujua ni wananchi wenzake wangapi wamekufa kwa maradhi ambayo dunia nzima ilikuwa ikiyahesabu. Hakuweza kulisifu jambo hilo wala kulilaumu, kwa kuwa hakupewa kitu cha kusifia wala cha kulaumia. Baada ya Rais Samia Suluhu Hassan kushika madaraka Machi 2021 hesabu zilianza kutolewa tena, na tarehe 28 Julai 2021 yeye mwenyewe alichanjwa hadharani. Basi kumbe iliwezekana.

Februari 2021 tulimzika baba yangu mdogo. Alikuwa fundi seremala, mtu wa vichekesho, na katika maisha yake sikumbuki kumwona akikosa pumzi hata alipobeba mbao. Msibani tuliambiwa kwamba alipata "changamoto ya upumuaji". Miezi ile maneno hayo yalisikika katika misiba mingi. Mimi kazi yangu ni maneno, na nilikaa chini ya turubai nikilitazama neno lile. Changamoto ni jambo la kumwamsha mtu ajitahidi; tunamwambia mwanafunzi kwamba mtihani ni changamoto. Namna gani jambo la kumwamsha mtu liwe ndilo lililomlaza baba yangu mdogo asiamke? Sikumuuliza mtu. Nilitia udongo kaburini pamoja na wenzangu, na mpaka leo katika ukoo wetu hakuna anayeweza kumwambia mtoto babu yake alikufa kwa nini. Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wazee. Lakini safari ile tulificha maradhi, kisha tukakificha na kifo chenyewe.

Huko Marekani, basi, walihesabu bila ya kulia. Huku kwetu tulilia bila ya kuhesabu. Ukimtazama kwa haraka utadhani mmoja ni kinyume cha mwingine, lakini matokeo yake ni mamoja: maiti wa kule alifanywa mali ya chama, na maiti wa huku alifanywa siri ya nyumba, na wote wawili hawakupata nafasi ya kuwa swali mbele ya mtawala.

Hapo ndipo lugha yetu inaweza kumfundisha kijana wangu kile ambacho ubao haukumfundisha. Katika Kiswahili neno hesabu lina kazi mbili. Iko hesabu ya kutoa, ambayo tuliisoma darasa la kwanza kwa vijiti na mbegu: watano toa wawili, wabaki watatu. Na iko kutoa hesabu, ambako ndiko afanyako mweka hazina mbele ya wanachama, na msimamizi wa mirathi mbele ya warithi, na kila mtu, kwa imani ya wengi wetu, siku ya mwisho. Maneno ni yale yale mawili, yamebadilishana nafasi. Katika ile ya kwanza wafu ni vijiti, na anayeshika vijiti ni mchambuzi. Katika ile ya pili wafu ni amana, na anayeulizwa ni yule aliyekabidhiwa.

Vifo vya maradhi makubwa vina mahali pao halali katika uchaguzi, na mahali hapo ni katika kutoa hesabu. Mgombea aliyekuwa madarakani aulizwe: ulijua nini, ulijua lini, uliwaambia nini watu waliokuamini, na wewe mwenyewe na jamaa zako mlifanya nini faraghani? Aulizwe hivyo gavana wa Florida na gavana wa Ohio, aulizwe hivyo waziri na mbunge wa hapa kwetu. Akijibu vizuri apigiwe kura. Akijibu vibaya anyimwe. Lakini swali hilo haliwezi kuulizwa mahali ambapo idadi haijulikani. Wala haliwezi kuulizwa mahali ambapo idadi imekwisha kugawanywa kwa vyama, kwa maana hapo kila upande utayalilia majeneza yake na kuyacheka ya wenzao. Kutoa hesabu kunahitaji vitu viwili pamoja: idadi iliyo wazi, na huruma isiyouliza kadi ya chama.

Nimemwita kijana ofisini kwangu wiki hii nikamrudishia insha yake. Alama sikuzipunguza, kwa sababu kosa lilikuwa langu kabla ya kuwa lake. Nilimwomba aiandike tena, na nikampa sharti moja. Kabla ya kuandika idadi yoyote ya waliokufa, iwe ya Marekani au ya kwetu, aandike kwanza jina la maiti mmoja anayemjua, kisha aendelee na takwimu zake kwa uhodari wote alio nao. Alinyamaza kitambo, akaniambia kwamba anaye shangazi yake. Nikamwambia aanze na huyo.